Matembezi kwa Mwendo wa Bibi

Matembezi mengi ya hisani hupangwa kuanzia mbele. Kwanza mgeni rasmi, kisha bango, fulana, matarumbeta, na mwisho kabisa ndipo mtu anakumbuka kuuliza maji yatatoka wapi. Ukiyapanga hivyo matembezi ya familia zinazouguza wazee wenye ugonjwa wa kusahau, yatakuharibikia kabla hamjamaliza kilomita ya kwanza. Umati, kelele, njia ngeni na haraka, yaani vyote vinavyonogesha matembezi mengine, ndivyo vinavyomvuruga mgonjwa huyu.

Kwa hiyo hesabu ianzie nyuma. Mfikirie atakayekuwa wa mwisho barabarani: bibi wa miaka 78, ndara mguuni, kashikwa mkono na binti yake ambaye usiku hakupata usingizi. Huyo ndiye anayepanga saa ya kuondoka, urefu wa njia, mahali pa choo na sauti ya spika. Wengine wote, mgeni rasmi akiwemo, wanakwenda kwa mwendo wake.

Tuichukue Tanga mjini, maana mji umejaaliwa: ni tambarare, bahari iko ubavuni, miti mikubwa ipo, na watu wake wamezoea miguu na baiskeli.

Kabla ya njia kuna neno, kwa sababu bango lazima liandikwe kitu. Wataalamu wanasema demensia. Mtaani utasikia "uzee umemwingia", "kachanganyikiwa", "amerudi utotoni". Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, ingawa linasemwa kwa huruma, kwa kuwa mtu akishaambiwa mama yake ni mtoto anaanza kumkaripia kama mtoto. Na ukiandika "ugonjwa wa akili" peke yake, wapita njia watawaza vichaa na familia zitabaki nyumbani. Andika "ugonjwa wa kusahau" kwa herufi kubwa, na "demensia" chini yake kwa wale watakaolisikia neno hilo hospitalini.

Chini ya jina hilo kuna magonjwa kadhaa. Linaloongoza ni Alzheimer, ambalo ni kati ya 60 na 70 katika kila wagonjwa 100. Jingine kubwa linatokana na mishipa ya damu ya ubongo, na hilo lina udugu na presha na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye demensia mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato kama chetu. Wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu waambiwe habari ya Hai, Kilimanjaro. Mwaka 2010 watafiti waliwapitia wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya wilaya hiyo, na baada ya kurekebisha hesabu kwa umri wakakuta demensia kwa kiwango cha asilimia 6.4. Hai si Tanga, lakini ni karibu zaidi kuliko London.

Kuna jambo jingine ambalo kipaza sauti lazima kiliseme waziwazi, hata kama umati utanyamaza. Mgonjwa wa kusahau hubadilisha usiku na mchana. Jua likizama wasiwasi unapanda, saa nane ya usiku anafungua mlango anatoka. Akikutwa uani kwa jirani, nguo nusu, haelezi ametokea wapi, anaitwa mwanga, yaani mchawi. Akiwa bibi kizee mjane ndiyo kabisa. Familia nyingi zinamfungia mzee ndani kwa kuogopa jina hilo kuliko zinavyoogopa apotee. Mtaa mzima ukimwona mchana kweupe, ameshikwa mkono, na nyuma yake watu 200, siku atakayotoka usiku kutakuwa na mtu wa kumrudisha.

Sasa siku. Septemba ndio mwezi wa Alzheimer duniani, na tarehe 21 ndiyo siku yenyewe tangu mwaka 1994. Kwa Tanga mwezi huo unafaa hata bila ya dunia: masika yamepita, vuli bado, na joto halijafika kule linakokwenda Desemba. Chagueni Jumamosi, ila isiwe ya mwisho wa mwezi, kwa sababu hiyo ni ya usafi. Maduka yamefungwa, mitaro inazibuliwa, takataka zimerundikwa kando ya barabara. Itazameni pia kalenda ya Kiislamu, maana Maulidi na Ramadhani huhama tarehe kila mwaka.

Sheria ya polisi inataka taarifa ya maandishi isiyopungua saa 48 kabla ya mkusanyiko. Msingoje saa 48. Barua ipelekwe wiki tatu kabla, iseme tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, barabara moja moja kwa majina, idadi ya watu, na simu za viongozi watatu. Nakala ziende kwa mtendaji wa kata, kwa mwenyekiti wa kila mtaa mtakaopita, na kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye mara nyingi ndiye anayezijua familia kwa nyumba. Uchangishaji wa hadharani ni jambo la kibali peke yake. Anzeni kuuliza ofisi ya Mkuu wa Wilaya siku ileile mnayopeleka barua ya polisi. Kinachokwama kwa kawaida ni hiki cha pili. Barua ya polisi watu wanaikumbuka, kibali cha kuchangisha wanakumbuka Ijumaa saa tisa alasiri.

Njia iwe ya kwenda na kurudi, isiwe ya kuzunguka. Ya kuzunguka ina pembe nyingi, na kila pembe ni mahali pa kupotezea mtu. Barabara ya Hospitali, ile inayotoka mjini kupita hospitali ya Bombo kuelekea Raskazone, inatosha kabisa. Wenye nguvu waende kilomita mbili na nusu na kugeuka, jumla tano. Wazee waende mita 500 na kugeuka, jumla kilomita moja. Wote wako kwenye barabara moja, wanaonana, na walinzi wanalinda mstari mmoja.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua baiskeli, piga alama ya chaki kwenye tairi na chini, isukume mpaka alama irudi chini tena, halafu pima umbali huo kwa futi kamba. Kama mzingo wa gurudumu ni mita 2.2, mizunguko 227 ni mita 500. Funga kitambaa kwenye spoku ili macho yahesabu vizuri, na mtu wa pili ahesabu kwa kuandika. Kila mita 100 wekeni viti viwili vya plastiki, vyenye mikono. Kiti kisicho na mikono mzee anakaa vizuri, kuinuka ndiko kunakomshinda. Viti vikae upande wa nyumba, visikae upande wa bahari, ili anayeinuka ghafla na kuondoka aondoke kuelekea watu.

Ipo hila moja ya njia hii ambayo hutaijua mpaka uione. Asubuhi jua liko chini, na kivuli cha miti kinalala barabarani kwa michirizi mieusi. Macho ya mgonjwa wa kusahau yanaweza kuwa mazima kabisa, ila ubongo hausomi vizuri kinacholetwa na macho: mchirizi mweusi unakuwa shimo, lami yenye unyevu inakuwa maji ya kina. Bibi anasimama ghafla, anakaza miguu, anamvuta binti nyuma. Wanaopita wanadhani amechoka au mkaidi. Mtu atangulie mbele yake hatua mbili, akanyage kile kivuli polepole mara mbili tatu, akiwa amemgeukia. Bibi akiona mguu wa mwenzake haukuzama, atavuka. Mkeka mweusi mlangoni mwa hema nao ni shimo vilevile; uondoeni.

Saa ndiyo kiini cha mpango mzima. Kosa ambalo karibu kila kamati hulifanya ni kuwaondosha wote pamoja. Ndani ya dakika tano vijana wako mbali, wazee wamebaki na vumbi, na wakifika mwisho wanakuta viti vinapakiwa kwenye gari na soda zimekwisha. Hesabu iwe hivi. Jua la Tanga mwezi wa Septemba linachomoza kama saa 12 na robo. Wa kilomita tano waondoke saa 12:30. Mtembeaji mwepesi huenda kilomita sita kwa saa, kwa hiyo atamaliza kwa dakika 50. Wa kawaida atatumia saa nzima. Wazee waondoke saa 12:50. Mwendo wao ni kilomita mbili kwa saa, pengine pungufu, hivyo kilomita yao moja ni dakika 30, na 40 mkihesabu kukaa mara mbili. Saa 1:15 hivi wale wepesi wanarudi kwenye alama ya mita 500 na kuwakuta wazee wamekwisha kugeuka, wako mbele yao, wanarudi nyumbani. Hapo simamisheni mtu mwenye sauti na bendera. Kuanzia hapo hapiti mtu.

Watanung'unika. Wako wanaohesabu hatua kwenye simu, wako waliokuja kushindana ingawa hakuna aliyewaambia ni mashindano. Anayetaka kukimbia ana Jumapili nzima. Nusu kilomita ya mwisho wote 200 wanatembea nyuma ya bibi, na saa 1:30 wote wamefika kabla jua halijawa jua.

Walinzi wa njia wawe mmoja kwa kila watu 20, wawili kwenye kila njia panda, na kwa kila wagonjwa watano mtu mmoja asiye ndugu ambaye kazi yake ni kutazama tu. Tanga ina hatari yake ya pekee: baiskeli. Gari linasikika, bodaboda inasikika, baiskeli inakuja kimya kutoka nyuma, na mzee akishtuka anayumba upande asioutazamia mtu. Waendesha baiskeli washukishwe, wasukume kwa miguu kwa ile nusu kilomita ya wazee. Na mbele ya Bombo kuna sheria isiyo na mjadala: nusu ya barabara ibaki wazi kwa gari la wagonjwa, na spika zizimwe mita 200 kabla ya lango na 200 baada yake. Watu wanasahau kwamba hospitali ina wagonjwa.

Mkiani pafuate bajaji badala ya gari la kupanda juu. Kuna namna ya kumpandisha mzee. Usimwambie "panda", maana hilo ni neno lenye hatua nne ndani yake na yeye amebakiwa na moja. Mgeuze taratibu mpaka visigino na nyuma ya miguu viguse ukingo wa bajaji, mshikishe nguzo kwa mkono mmoja, mwambie "kaa". Kukaa mwili unakujua. Akishakaa, kinga kichwa chake kwa kiganja chako kisigonge paa, kisha izungushe miguu yote miwili pamoja uingize ndani. Akishuka ni kinyume chake. Anayevutwa mikono kutoka nje ataanguka au atapiga, na mkono wa mzee wa miaka 80 huchubuka kwa kuvutwa tu.

Maji ni rahisi. Nusu lita kwa mtu, watu 200, lita 100, madumu matano ya lita 20, na mawili ya kunawia. Ila mgonjwa asinyweshwe huku anatembea. Ugonjwa ukikolea kumeza nako kunaharibika, na maji mepesi ndiyo yanayopita njia ya hewa kwa haraka. Akae wima, kidevu kisiinuliwe, anywe mafunda madogo. Anayekohoa kila akinywa, binti yake apewe uji mzito na kijiko, na aambiwe alitaje jambo hilo kliniki.

Choo ndicho kinachoharibu matembezi mengi kuliko jua. Kimoja kwa watu 50 si kingi. Wazee wengi hawawezi kuchuchumaa, kwa hiyo choo kimoja kiwe na kiti: kiti cha plastiki imara, kimetobolewa katikati, kingo zimepigwa msasa zisikate, kimewekwa juu ya tundu, na mtu mzito amekijaribu siku moja kabla. Wekeni ndoo, kopo na sabuni. Halafu jambo ambalo kamati ya wanaume haitaliwaza: mume anayemuuguza mkewe ataingia naye choo kipi? Cha wanawake watamfukuza, cha wanaume mke atakataa. Choo hicho chenye kiti kisiandikwe "wanaume" wala "wanawake". Kiandikwe "wazee na wanaowauguza", na kanga mbili zitundikwe ndani za kujistiri. Mkikosa hilo, wanaume hao hawatakuja, na wapo wengi kuliko tunavyokubali kusema.

Sasa kupotea. Panga ukijua mtu atapotea, hata kama ni kwa dakika kumi.

Asubuhi, kabla ya hatua ya kwanza, kila mgonjwa apigwe picha moja kwa simu, mwili mzima, na nguo alizovaa siku hiyo. Picha ya kitambulisho haisaidii. Wanaotafuta wanatafuta kanzu ya kahawia na kofia ya kijani, hawatafuti uso. Mkononi avae kitambaa chenye namba ya simu ya anayemuuguza, iliyoandikwa kwa peni isiyofutika upande wa ndani. Wino wa kalamu ya kawaida jasho linaula ndani ya nusu saa. Jina lisiandikwe kifuani. Mgeni akimwita mzee kwa jina lake, mzee ataamini ni mtu wake na atamfuata.

Akikosekana, muziki unazimwa kwanza. Watu wawili wanakwenda upande wa bahari papo hapo, kabla ya kuuliza chochote, maana pengine pote patasubiri na maji hayasubiri. Wa tatu anamuuliza anayemuuguza maswali mawili: mara ya mwisho alikuwa anaelekea wapi, na zamani alifanya kazi gani. Mgonjwa aliyepotea mara nyingi huendelea mbele kule alikokuwa ametazama mpaka kitu kimzuie, kwa hiyo njia hiyo ifuatwe mpaka mwisho wake, na vichaka na vibaraza vya pembeni vichunguliwe, kwa kuwa haitiki akiitwa. Swali la pili lina uzito wake hapa Tanga. Mji huu una reli tangu enzi za Wajerumani, una bandari na mkonge, na ulikuwa na viwanda vilivyofungwa zamani. Mzee aliyeamka kila siku miaka 30 kwenda stesheni anaweza kuwa anakwenda stesheni, amechelewa zamu na ana haraka. Bodaboda wanne watumwe njia nne na ile picha. Zikifika dakika 15, polisi wapigiwe. Hakuna aibu ya kupiga mapema. Misikiti ya karibu iombwe itangaze, na tangazo liseme mavazi, na liseme "ni mgonjwa, mkimwona msimkimbize".

Akipatikana asiulizwe alikuwa wapi. Hajui, na kuulizwa kunamtisha. Simama mbele yake, au kama amekaa chuchumaa chini ya usawa wa macho yake, kisha msalimu. Hapa lugha yetu imetupa kitu ambacho wenzetu hawana. "Shikamoo, bibi." Mtu ambaye jina la mtoto wake limemtoka bado mara nyingi atajibu "marahaba, mwanangu", kwa sababu neno hilo limepita kinywani mwake mara nyingi mno kiasi kwamba halihitaji kukumbukwa. Akishajibu ameshakupokea, mpe mkono kiganja kikiwa juu, usimshike wewe, ngoja akushike yeye. Inaweza kuchukua sekunde kumi na tano, na sekunde kumi na tano za kungoja ni ndefu. Swali la kuepukwa kwa kila hali ni "unanikumbuka?". Jitajie mwenyewe: "Mimi Mwanaidi, bibi, mtoto wa jirani yako." Ukitaka achague, mpe viwili tu, chai au uji. Walinzi wote wafanye zoezi hili siku moja kabla, wao kwa wao. Dakika 20 zinatosha, na wanacheka sana mpaka zamu ya kungoja mkono inapofika.

Kuhusu muziki, matarumbeta mbele ya wagonjwa ni makosa. Kelele ya ghafla inawafanya wazibe masikio, walie au wapige. Lakini kimya nacho ni msiba. Tanga ilikuwa na taarabu yake, ya enzi za Black Star na Lucky Star, na aliyekuwa kijana wakati huo ndiye mzee wa leo. Ipigwe kwa sauti ambayo watu wawili waliokaa bado wanaweza kuongea na kusikilizana, mwishoni mwa njia, viti vikiwa kwenye nusu duara. Nyimbo za ujana hubaki baada ya mengi kuondoka. Utaona kidole kinapiga goti. Mgeni rasmi apewe dakika tano, na aambiwe dakika tano mbele ya watu.

Fulana, hapa nina ugomvi nazo. Tuseme mchango wa kushiriki ni shilingi 15,000 na fulana inagharimu 12,000. Watu 200 wametoa milioni tatu, na familia zimebakiwa na 600,000, kabla ya spika na hema. Kisha fulana zinaishia kuoshea baiskeli. Katika matembezi makubwa ya Alzheimer nchini Marekani watu hubeba maua ya rangi: bluu kwa mwenye ugonjwa, zambarau kwa aliyefiwa, njano kwa anayeuguza, rangi ya chungwa kwa anayeunga mkono. Chukueni rangi, acheni maua. Mita moja ya kitambaa cha poplini yenye upana wa mita moja na nusu inatoa vipande 20 vya sentimita tano. Vikate katikati, ni 40 vya sentimita 75, vinazunguka mkono na kufungika. Usikate kwa mkasi mpaka mwisho. Chanja ncha tu, halafu ichane. Poplini huchanika kwa kufuata uzi, imenyooka, na dakika 20 zinatosha kwa mita sita. Mita mbili njano, mbili chungwa, moja bluu, moja zambarau. Kila mtu achague mwenyewe. Mgonjwa asivalishwe bluu kwa nguvu. Akipenda njano kwa kuwa ni nzuri, ni yake.

Fedha ziingie kwenye namba ya malipo inayotaja jina la kikundi. Ikitokea jina la mtu, hata awe mwaminifu vipi, watu watarudisha simu mfukoni na kuondoka. Kikundi kiandikishwe halmashauri, akaunti iwe na watia saini watatu. Sanduku la fedha taslimu lifunguliwe mbele ya watu wawili wasiokuwa na undugu, zihesabiwe palepale, karatasi isainiwe. Ndani ya siku 14 hesabu ibandikwe ofisi ya mtaa: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, kwa nini. Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo, na unawafaa sana waandaaji wanaoshuka na bango Jumamosi na Jumapili hawaonekani.

Na familia zinataka nini? Ukiuliza wanaouguza, jibu la kwanza ni pampasi za watu wazima. Tatu kwa siku ni 90 kwa mwezi, na hakuna kipato cha genge kinachobeba hilo. Kisha mpira wa kitandani, sabuni, nauli ya kliniki. Lakini ukikaa nao kidogo wanataja kitu kingine, kwa sauti ya chini kama wanakosea: mtu wa kumshikia mzee saa tatu ili yeye alale, au aende msibani, au akae tu. Jirani aliyefundishwa, saa tatu, mara mbili kwa wiki, ni saa 24 kwa mwezi kwa familia moja. Hilo lipangiwe fedha kabla ya vitu. Na vitu vikitolewa, vipelekwe nyumbani jioni. Kumsimamisha mtu jukwaani apokee katoni la pampasi za mama yake huku anapigwa picha ni ukatili, hata kama picha hizo ndizo zinazomfurahisha mfadhili.

Mwishoni mwa njia wekeni meza ya kupima presha, na muuguzi. Namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, aandikiwe karatasi ya kwenda kituo cha afya. Tume ya jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 ilitaja vihatarishi 14 vinavyoweza kupunguzwa, presha na kisukari vikiwemo, uziwi na macho yasiyotibiwa vikiwemo, na kukadiria kuwa vyote kwa pamoja vinahusika na karibu asilimia 45 ya demensia. Msipime kumbukumbu za watu kwenye foleni. Hiyo ni kazi ya chumba chenye utulivu. Muuguzi aseme jambo moja tu kwa kila anayeuliza: kusahau kunakokuja ndani ya siku mbili tatu si demensia mpaka hospitali iseme. Malaria, maambukizi ya mkojo, kukaukiwa maji, au dawa mpya vinaweza kumvuruga mzee ghafla, na hivyo vinatibika. Mzee aliyekuwa mzima Jumatatu na hajui watoto wake Alhamisi anapelekwa siku hiyohiyo, hangojewi.

Saa 2:30 viwanja viwe vitupu. Ila kazi haijesha, kwa sababu siku yenye watu wengi mgonjwa huilipa usiku. Wengi hawatalala, wengine watatafuta mlango. Kamati igawane majina, na Jumapili asubuhi kila familia ipigiwe simu. Msiulize kama matembezi yalikuwa mazuri. Watasema yalikuwa mazuri, watu wa Tanga ni waungwana. Ulizeni, "Jana usiku alilala?" Wanaosema hakulala waandikwe kwenye daftari kwa mpangilio wa simu zilivyopigwa, na jirani wa kwanza wa saa tatu apelekwe kwa wa kwanza kwenye orodha hiyo Jumatatu.